Kasi ya Upande wa Mteja: Diski Ngumu, SSD na Historia ya Vibanda vya Kunakili Kinondoni na Temeke

Katika maandishi ya historia ya teknolojia kuna mazoea ya kukipanga kila chombo kwa mwaka wa kuvumbuliwa kwake, kisha kudhani kwamba watumiaji walisonga mbele kwa mpangilio huohuo. Kwa mazoea hayo, diski ngumu, ambayo IBM iliitangaza mwaka 1956, ingepaswa kuipisha diski ya hali mango, ambayo mafundi wetu huiita SSD, na kasi ya kuhamisha faili ingepanda kila mahali kwa pamoja. Insha hii inaipinga dhana hiyo kwa kuvirejelea vibanda vya kunakili filamu na nyimbo vya Tandale, Tandika na Mbagala. Hoja yangu ni kwamba humo kasi haikuamuliwa na diski ya mwenye kibanda, bali na kifaa kidogo alichokuja nacho mteja.

Chanzo cha biashara hii ni kaseti. Kunakili kaseti ya dakika 60 kwa mwendo wa kawaida kulichukua dakika 60, au nusu yake kwa redio yenye mwendo maradufu. Mteja aliiacha asubuhi akaifuata jioni. Kuchoma CD kulipunguza muda huo hadi dakika chache, na mteja akaanza kusubiri palepale, kwenye benchi. Mabadiliko haya hayajapewa uzito unaostahili. Aliyeacha kaseti yake akaenda zake hakuwa na kasi ya kulalamikia. Malalamiko ya kasi ni zao la benchi.

Kisha zikaja flashi na memori kadi za simu. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, lakini filamu moja ilikuwa na mamia ya megabaiti, na kifurushi cha intaneti kilinunuliwa kwa fedha ileile ya nauli na mboga. Kibanda kikaendelea kuwa njia nafuu.

Hesabu inatusaidia hapa. Diski ngumu ya kawaida husoma faili kubwa kwa takribani megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA hufikia takribani 500. Filamu ya megabaiti 700 ingesomwa kwa sekunde 7 na ya pili kwa sekunde moja na nusu hivi. Hata hivyo, tundu la USB 2.0 kwa kawaida halipitishi zaidi ya megabaiti 35 hivi kwa sekunde, na flashi ya bei ya chini inaweza kuandika kwa 7 tu. Filamu hiyo basi huchukua sekunde 100, iwe imetoka kwenye diski ya aina gani. Mwenye kibanda aliyekataa kununua SSD hakuwa mshamba. Alikuwa amepiga hesabu vizuri kuliko baadhi yetu tunaoandika tasnifu.

Ubora wa SSD ulionekana kwingine. Diski ngumu inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia wastani wa milisekunde 4 kusubiri data ifike chini ya kichwa chake, mbali na muda wa mkono wenyewe kuhama. Kwa filamu moja hilo si kitu. Kwa maelfu ya picha ndogo, au wateja kadhaa wanaohudumiwa kwa pamoja, kichwa hutangatanga na kasi huanguka vibaya. SSD haina kichwa wala mkono, na haidhuriki kirahisi inapoanguka. Diski yangu ya kwanza ya utafiti iliporomoka mezani ikiwa inazunguka, ikaondoka na mahojiano ya miezi miwili.

Tukio hilo ndilo lililonifanya niitazame mada hii kwa jicho la mwanahistoria. Filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, pamoja na filamu za Kiswahili za miaka ya 2000, zilienea kwa kunakiliwa mkono kwa mkono. Kunakili huko mara nyingi kulikiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na stempu za kodi za mwaka 2013 zililenga kuidhibiti biashara hiyo. Mtafiti hana budi kulikiri hilo. Hana budi pia kukiri kwamba diski kuukuu za vibandani zinaweza kuwa na nakala zisizopatikana katika maktaba yoyote.

Kwa mtafiti anayetaka kuziokoa, suala la kasi linageuka. Sasa kikwazo hakiko kwenye kifaa anachokuja nacho mgeni, kwa kuwa mtafiti hubeba SSD. Kikwazo ni diski ya mwenye kibanda. Terabaiti moja, kwa megabaiti 100 kwa sekunde, huhitaji karibu saa 2 na dakika 47. Kwa tundu la USB 2.0 la kompyuta ya zamani huhitaji karibu saa 8, na hapo diski iwe nzima, umeme usikatike, na mwenyewe awe radhi kuliacha benchi lake bila wateja kuanzia asubuhi hadi alasiri.