Akida na Kiboko katika Uzaramo

Tukisimulia habari za Vita vya Maji Maji, kwa desturi twaanza na maji ya Kinjikitile kule Ngarambe. Leo twapenda kuanza karibu zaidi, katika nchi ya Kisarawe, na mtu ambaye wazee waliogopa kumtaja kwa sauti, yaani akida.

Akida alikuwa mjumbe wa boma. Chini yake walikuwapo majumbe, na nyuma yake askari. Alitoza kodi ya nyumba, iliyowekwa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba. Aliamua mashauri madogo, tena alikusanya watu wa kazi. Mara nyingi hakuwa mzaliwa wa nchi aliyoitawala, wala wazee wa nchi hawakumchagua. Basi, nani angemkataza?

Sheria ilikuwapo. Mwaka 1896 Serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kwamba viboko visizidi 25 kwa mara moja, mwanamke asichapwe, na Mzungu aliyewekwa na boma awepo akitazama. Amri njema kidogo, kama amri ya kuchapa yaweza kuitwa njema. Lakini boma lilikuwa Dar es Salaam, na mwenda kushitaki alipaswa kumpita akida yule yule anayemshitaki.

Mwaka 1902, zamani za Gavana von Götzen, likaanza shamba la pamba la shirika katika wilaya ya Dar es Salaam. Kila jumbe aliwekewa shamba, na watu wake walilima kwa zamu. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: moja la wafanya kazi, moja la jumbe, moja la baraza la wilaya. Fungu la wafanya kazi likigawanywa kwa watu wote lilikuwa kitu kidogo mno, na wako waliolikataa. Na mashamba yao ya chakula yalingojea. Kazi ikilegea, jumbe alitishwa na akida, naye jumbe akawatisha watu wake. Hivyo shamba lile lilimpa kila mwenye fimbo sababu ya kuitumia kila siku, na hesabu ya viboko 25 ikasahauliwa.

Hata mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waking'oa pamba, Uzaramo nako kukawaka. Kibasila, jumbe wa Kisangire, alikuwa miongoni mwao walioikataa pamba, Wajerumani wakamnyonga. Vita hivi vilikuwa pia vita vya Mwafrika juu ya Mwafrika, kwa kuwa askari na ruga-ruga waliotumwa walikuwa watu weusi kama wale waliochomewa ghala. Chakula kikateketezwa makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja 250,000 na zaidi.

Mageuzi yakaja baada ya makaburi hayo. Gavana von Rechenberg, aliyeingia kazini 1906, alikuwa amepata kukaa Unguja, naye alijua Kiswahili. Huenda alisikia mambo ambayo wengine walitafsiriwa nusu nusu. Shamba la shirika likaachwa, naye akataka mwenyeji alime mazao yake na kuyauza mwenyewe. Mwaka 1907 waziri Dernburg alikuja kutoka Berlin kuitazama nchi, akachukizwa kuona Wazungu wakitembea na viboko mkononi, na masharti ya kuchapa yakakazwa.

Kwetu sisi, tendo la Rechenberg ndilo kubwa. Amri ya hesabu ya viboko ilikuwapo miaka tisa kabla ya vita, wala haikumwokoa mtu wa Uzaramo; kuondolewa kwa shamba kulimnyang'anya akida kazi iliyokuwa ikimpa sababu ya kuchapa.

Kiboko chenyewe hakikukoma. Maakida nao walibaki. Waingereza waliwakuta na kuwatumia, hata Gavana Cameron alipofika mwaka 1925 na kutafuta watawala wenye asili ya nchi. Jina la Kibasila leo limeandikwa mlangoni pa shule moja ya Dar es Salaam.