Kujiandikisha au Kuandikishwa? Uamuzi wa Kuingia Jeshini na Kuchagua Kikosi Wilayani Rungwe, 1939–1945

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo mwanahistoria wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hawezi kuvikwepa. Kijana aliyejiandikisha alikwenda bomani kwa miguu yake. Kijana aliyeandikishwa alipelekwa na wengine. Kiambishi ji- kinamkabidhi mtendaji uamuzi wake, na kiambishi -w- kinampokonya. Sehemu kubwa ya mjadala kuhusu Waafrika walioingia katika jeshi la Waingereza imesimama juu ya tofauti hiyo: ama walijitolea, ama walilazimishwa. Makala haya yanadai kwamba, kwa upande wa Rungwe, kigawanyo hicho hakitoshi. Uamuzi ulifanyika katika nafasi finyu iliyokuwa kati ya vitenzi hivyo viwili, na aliyeufanya hakuwa kijana peke yake, bali kijana pamoja na baba yake, rika lake na malafyale wake, yaani mtawala wa jadi.

Wilaya ya Rungwe ya wakati huo, yenye makao yake Tukuyu, ilianzia kwenye miteremko ya Mlima Rungwe na kushuka hadi tambarare za Kyela kando ya Ziwa Nyasa. Ilipakana na Nyasaland kwa mto Songwe. Makadirio ya wanahistoria kuhusu idadi ya Waafrika wa Tanganyika walioingia jeshini wakati wa vita ni kati ya 87,000 na karibu 100,000. Walipigana na Waitalia huko Somalia na Abisinia mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na hatimaye Burma mwaka 1944. Swali linaloongoza makala haya ni dogo kuliko ramani hiyo: kijana wa Rungwe alipopima kwenda au kubaki, alipima nini? Na akishakwenda, alikuwa na uwezo gani wa kuchagua kikosi?

2.0 Kumbukumbu ya Vita vya Kwanza

Mwaka 1939, akina baba wengi wa Rungwe walikuwa watu walioiona vita kwa macho yao. Tukuyu iliitwa Neu Langenburg chini ya Wajerumani, na ilikuwa karibu mno na mpaka kuweza kusalimika. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka Songwe na kupigana na Waingereza huko Karonga. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka huohuo kutoka kusini na kuuteka mji. Kila jeshi lililopita lilihitaji chakula, na zaidi ya chakula lilihitaji mabega ya kubeba mizigo.

Katika vita hivyo, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kuzidi 95,000 katika Afrika Mashariki nzima, wengi wao kwa maradhi na uchovu badala ya risasi. Jina la Kariakoo, lililobaki Dar es Salaam hadi leo, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Mwishoni mwa vita, mwaka 1918, homa ya mafua ilizidisha misiba.

Kumbukumbu hiyo ina uzito katika hoja yetu kwa sababu moja. Mpagazi hakuulizwa anataka kikosi gani. Kizazi kilichoshuhudia hayo kilijifunza kwamba jeshini kuna watu wa bunduki na watu wa mizigo, na kwamba wa mizigo ndio wanaokufa bila kuhesabiwa. Vita vya pili vilipokuja, swali la kikosi halikuwa swali la matamanio ya ujana. Lilikuwa swali ambalo familia ilikuwa na sababu ya kuliuliza mapema.

3.0 Ng'ombe, Kahawa na Dhahabu

Rungwe haikuwa nchi ya njaa. Mvua ni nyingi, migomba hustawi mwaka mzima, na mpunga hulimwa tambarare. Kahawa ilikuwa imekwisha kuingia mashambani mwa Waafrika. Hivyo, maelezo kwamba watu waliingia jeshini kwa kukosa chakula hayaifai wilaya hii. Kilichopungua kwa kijana hakikuwa chakula bali ng'ombe.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza muundo wa vijiji vya rika. Mvulana wa miaka kumi au kumi na moja aliondoka nyumbani akaenda kuishi na wenzake wa umri uleule katika kijiji chao. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao. Mahari ililipwa kwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba. Kijana hakuweza kuoa mpaka baba akubali kutoa, na baba huenda naye alikuwa akitaka ng'ombe haohao aongeze mke. Katika sherehe ya ubusoka, iliyofanyika mara moja kwa kila kizazi, wazee waliwakabidhi vijana wao madaraka ya nchi. Baina ya sherehe moja na nyingine, subira ilikuwa ndefu.

Fedha za mshahara zilifupisha subira hiyo. Kabla ya vita, njia kuu ilikuwa kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922 na kazi ikashamiri katika miaka ya 1930. Wengine walivuka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Aliyerudi na fedha alilipa kodi, akanunua ng'ombe, akaoa bila kumngoja baba.

Jeshi lilipofungua milango yake, liliingia katika orodha ya ajira ambayo tayari ilifahamika. Timothy Parsons, katika utafiti wake wa mwaka 1999 kuhusu askari wa Keya, yaani King's African Rifles, anauona utumishi huo kama aina ya kazi ya ujira. Kwa Rungwe hoja hiyo ina nguvu, ila inahitaji nyongeza. Mshahara wa jeshi haukupimwa kwa shilingi peke yake. Ulipimwa kwa idadi ya ng'ombe ambao shilingi hizo zingenunua, na kwa miaka ambayo ng'ombe hao wangeondoa katika kumngoja baba. Mtu wa Lupa aliweza kurudi nyumbani msimu wa kulima ulipofika. Askari hakuweza. Baba aliyemruhusu mwanawe kwenda Keya alipoteza mikono shambani kwa muda usiojulikana, na huenda akampoteza mtoto kabisa. Kwa hiyo ruhusa yake haikuwa jambo la adabu tu. Ilikuwa sehemu ya bei.

4.0 Malafyale na Mipaka ya Hiari

Serikali haikutegemea hiari peke yake. Sheria za wakati wa vita ziliipa uwezo wa kuwachukua watu kwa utumishi wa jeshi na kwa kazi za uzalishaji. Japani ilipoiteka Malaya mapema mwaka 1942, mpira na mkonge wa Afrika Mashariki ulipata thamani mpya, na watu walilazimishwa kwenda mashambani. Idadi ya watu waliotakiwa ilipangwa na maofisa, nao watawala wa wenyeji wakatakiwa kuitimiza.

Hapa muundo wa Rungwe una maana yake. Wilaya haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa na milki nyingi ndogo, kila moja na malafyale wake, na katika milki ndogo mtawala huwajua watu wake kwa majina. Alipotakiwa kutoa vijana, hakutoa namba. Alitoa mtoto wa mtu fulani. Mantiki ya hali hiyo inaonesha ni nani aliyekuwa hatarini zaidi: kijana asiye na baba wa kumsemea, aliyechelewa kulipa kodi, au aliyekuwa na ugomvi na wakubwa. Yule mwenye ndugu wenye sauti aliweza kusahaulika.

Kutokana na hayo, tunaweza kumwelewa upya yule aliyekwenda Tukuyu kujiandikisha mwenyewe. Kama alijua kwamba jina lake laweza kutajwa kesho kwa kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge, kutangulia bomani leo kulikuwa hiari ya aina yake. Hakuchagua kati ya jeshi na nyumbani, bali kati ya jeshi na mkonge. Aliyejiandikisha angepata sare, mshahara wa kila mwezi na jina la askari. Aliyesubiri huenda angepata jembe na shamba la mgeni mbali na kwao. Katika daftari la boma, kijana huyo ni mtu wa kujitolea. Katika maisha yake, alikimbia shurutisho moja kwa kuingia katika jingine lenye heshima zaidi.

5.0 Kuchagua Kikosi

Kwa aliyekwisha kukubali kwenda, swali la pili lilikuwa kikosi. Jeshi la Afrika Mashariki halikuwa Keya peke yake. Askari wa miguu wa Tanganyika waliingia katika batalioni ya 6 na zile zilizoundwa wakati wa vita, zikiwemo ya 26 na ya 36, ambazo zilipelekwa Burma chini ya Divisheni ya 11. Pamoja na hao kulikuwa na mizinga, uhandisi, uchukuzi na ugavi, tiba, mawasiliano na elimu. Chini kabisa kwa hadhi na malipo kulikuwa na vikosi vya kazi, ambavyo upande wa Kenya vilipewa jina la Panyako: watu waliovaa sare lakini wakachimba, wakabeba na kujenga.

Mambo matatu yaliamua nani aende wapi. La kwanza ni mawazo ya maofisa kuhusu makabila. Waingereza waliamini kwamba baadhi ya makabila yalizaliwa kwa vita, na katika Tanganyika Wahehe walisifiwa mno kwa ajili hiyo. Imani hiyo haikuwa na msingi wa kisayansi, lakini ilikuwa na athari halisi kwenye meza ya kuandikisha. La pili ni mwili: urefu, kifua, macho na meno vilikaguliwa na daktari. La tatu ni shule.

Hili la tatu ndilo lililompa kijana wa Rungwe nafasi ya pekee ya kuchagua. Wamoravian na Walutheri wa Berlin walikuwa wilayani tangu mwaka 1891, na shule zao zilieneza kusoma na kuandika. Wamisionari wa Kijerumani walipokamatwa kama raia wa nchi adui, wachungaji na walimu wa Kiafrika waliendeleza kazi. Aliyepita katika shule hizo aliweza kusoma na kuandika, na mara nyingi alikuwa amekwisha kujifunza Kiswahili, ambacho ndicho kilikuwa lugha ya jeshi. Kwa elimu hiyo aliweza kulenga ukarani, utabibu, mawasiliano au udereva, kazi zenye malipo ya ufundi juu ya mshahara wa kawaida. Asiyesoma alibaki na bunduki, kama mwili wake ulifaa, au na sururu.

Isidhaniwe kwamba vikosi visivyo vya mstari wa mbele vilikuwa salama. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na manowari ya Kijapani katika Bahari ya Hindi, na karibu watu 1,300 wakafa. Wengi wao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa bado safarini. Kikosi kilimwamulia mtu aina ya kazi, mshahara na ujuzi atakaorudi nao. Hakikumwamulia kama atarudi.

6.0 Kurejea

Thamani ya kikosi ilionekana baada ya mwaka 1945. Dereva alirudi na ujuzi uliotafutwa katika nchi iliyotegemea malori, hasa Tukuyu, ambayo haikuwa na reli na ambayo mazao yake yalipaswa kupandishwa Mbeya kwa barabara. Mhudumu wa tiba na karani nao walikuwa na kitu cha kuuza. Askari wa miguu alirudi na akiba yake, na mtu wa kikosi cha kazi alirudi na akiba ndogo zaidi. Akiba hizo ziliingia zizini, na kwa njia hiyo zilisogeza mamlaka ya ndoa kutoka kwa baba kuelekea kwa mwana. Badiliko hilo halikuanza na vita. Lupa ilikwisha kulianzisha. Vita viliongeza idadi ya vijana waliolifikia.

John Iliffe anatahadharisha dhidi ya kuwafanya askari waliorejea kuwa waanzilishi wa siasa za uhuru wa Tanganyika. Tahadhari hiyo inafaa kuzingatiwa Rungwe pia. Kama uamuzi wa kwenda ulihusu ng'ombe, ndoa na kukwepa mkonge, hakuna sababu ya kushangaa kwamba wengi walirudi kwenye ng'ombe, ndoa na kahawa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba hiari na shurutisho havikuwa milango miwili iliyotengana. Familia ilipima kumbukumbu ya wapagazi, haja ya ng'ombe, orodha ya malafyale na tishio la mkonge kwa pamoja. Elimu ya misheni iliwapa baadhi nafasi ya kuchagua kikosi, wengine walipangiwa.

Hili lina matokeo kwa jinsi tunavyoandika historia. Tukimhesabu askari kwa kitenzi kimoja tu, tunamfuta aliyekuwa katikati, na zaidi ya wote tunamfuta mtu wa sururu, ambaye hata jina la askari alipewa kwa shingo upande. Kwa kila jina linalokutwa katika daftari la boma, mtafiti anapaswa kuuliza maswali matatu: Nani alimtoa? Kama asingekwenda huko, angepelekwa wapi? Na kikosi alichoingia, alikitaka? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayotuambia kama alijiandikisha au aliandikishwa. Mara nyingi yatatuambia kwamba alifanya yote mawili siku hiyohiyo.