Kiti cha Mgongo wa Mifereji

Shikeni kalamu na karatasi, kwa maana leo tutasoma historia, na ndani yake mna hesabu kidogo.

Labda umewahi kuona kochi la zamani ambalo mgongo wake una mito myembamba iliyosimama wima, ikatanuka kwa juu kama kombe la baharini. Kati ya mto na mto pana mfereji. Viti hivyo vilipendwa sana Ulaya na Marekani katika miaka ya 1920, 1930 na 1940. Mwaka 1925 palikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo mjini Paris, na mitindo ya wakati ule ikaenea mbali.

Mifereji ile ni ya nini? Ni urembo, lakini ina kazi pia. Siku hizo viti vilijazwa pamba, au singa za farasi zilizosokotwa na kuchemshwa ili zijikunje. Pamba ikitiwa katika mfuko mpana huteremka, ikajikusanya chini. Ikigawanywa katika mifuko myembamba, kila mfuko hushika pamba yake.

Hata kwetu Afrika ya Mashariki pana habari ya vijazo. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza machipukizi 1,000 ya katani kutoka Florida. Yaliyopona safari ni 62 tu. Katika hayo yakatoka mashamba makubwa ya Tanganyika. Nyuzi ndefu zilisokotwa kamba. Nyuzi fupi zilijaza magodoro na viti.

Sasa tumtazame fundi anayekivika kiti hiki upya. Kwanza, hararui. Hung'oa misumari mmoja mmoja, na juu ya kila kipande huandika: juu, chini, kushoto, kulia. Kitambaa kikuukuu ndicho kipimo chake. Akikitupa, ni kama mtu aliyechoma barua kabla ya kuisoma. Ndiyo maana fundi naye hana budi kujua kuandika.

Pili, huchora mistari kwa chaki juu ya kitambaa cha ndani na juu ya kitambaa cha nje. Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme mifuko ni 7, na kila mmoja una upana wa inchi 3 juu ya kitambaa cha ndani. Jumla ni inchi 21. Lakini kitambaa cha nje hupanda na kushuka juu ya kila mto. Mto ukiwa nusu duara kamili, hula karibu inchi 4 na robo tatu. Zidisha kwa 7: utapata karibu inchi 33. Aliyenunua inchi 21 amepata hasara.

Tatu, hushona mstari kwa mstari, kisha huijaza mifuko kwa kijiti, kidogo kidogo, pasiwe na donge wala pengo.

Baadaye ikaja sponji. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake, huko Ujerumani, waligundua poliurethani, na tangu miaka ya 1950 sponji yake ikajaza makochi ya dunia. Ni nyepesi, rahisi, na hukatwa kwa kisu. Lakini ikishika moto huwaka upesi, na moshi wake ni sumu. Mwaka 1979 moto ulianza penye makochi ya kuuzwa katika duka kubwa mjini Manchester, Uingereza. Watu 10 wakafa. Mwaka 1988 Uingereza ikatunga sheria kali juu ya vijazo na vitambaa vya viti.

Basi ukifungua kiti kikuukuu, usione takataka tu. Singa, pamba, katani, sponji: kila tabaka lina wakati wake, na lina sababu yake. Na ukinunua sponji, uliza kwanza kama inahimili moto, kwa kuwa watoto hulala juu yake.

Maswali
1. Kwa nini pamba iligawanywa katika mifuko myembamba?
2. Mifuko ikiwa 9, kila mmoja inchi 3, kitambaa cha ndani ni inchi ngapi? Je, cha nje kitatosha kikiwa sawa nacho?
3. Andika sentensi tatu juu ya kiti kimoja cha nyumbani kwako: kimejazwa nini, na nani alikitengeneza?

Kwaherini.