Imani Mbele ya Jirani: Ushuhuda wa Kikristo kwenye Miteremko ya Kilimanjaro

Maandiko mengi kuhusu Ukristo wa Kilimanjaro huanza na kuwasili kwa wageni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1891, na Walutheri wa Misioni ya Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Baada ya hapo huja orodha ya shule, zahanati na makanisa, na msomaji huachwa aamini kwamba imani ilienea kwa sababu ililetwa. Makala hii inadai jambo jingine. Imani iliwagusa watu wa miteremko hii pale ilipokaa kati yao muda mrefu, ikaonwa na majirani waliokuwa huru kuikataa, na ikamgharimu kitu yule aliyeiishi.

Hoja hii inakabiliwa na pingamizi zito, nalo ni ramani. Rombo, Kilema, Kibosho na Uru kwa sehemu kubwa ni Wakatoliki. Machame, Old Moshi na Mamba kwa sehemu kubwa ni Walutheri. Mpaka huu haukuchorwa na mwenendo mwema wa muumini yeyote. Ulitokana na misioni kugawana maeneo, na mangi, yaani mtawala wa Wachagga wa eneo, kumkaribisha mmisionari huyu badala ya yule. Mtu alizaliwa upande fulani wa korongo, akabatizwa katika kanisa lililokuwapo upande huo. Anayedai kwamba mfano wa maisha ndio uliowavuta watu ana wajibu wa kulijibu hilo. Jibu langu ni kwamba kuhesabiwa katika dhehebu na kuguswa na imani ni mambo mawili. Ramani inatueleza watu walisali wapi. Haitwambii ni lini mtu aliacha kisasi, alimlea yatima asiye wa ukoo wake, au alirudisha mpaka wa shamba alioukuta umesogezwa na baba yake.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mchungu. Waanglikana wa CMS walikuwa Moshi tangu 1885, wakalazimika kuondoka mwaka 1892 kwa sababu watawala wa Kijerumani waliwashuku kuwa upande wa Mangi Meli wa Old Moshi. Walutheri wa Leipzig waliingia wakati mapigano ya kumshinda Meli yakiwa ndiyo kwanza yamekwisha. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri kule Meru pamoja na wasaidizi wao wa Kichagga. Dola ikalipiza kwa vita, kuchoma nyumba na kupora ng'ombe. Mnamo Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wenzake, na hadi leo ukoo wake unaendelea kudai kichwa chake kutoka Ujerumani. Mtu wa Meru au wa Old Moshi aliyeyaona hayo angewezaje kuitenga Injili na serikali iliyokuja kwa njia ileile, ikisema lugha ileile? Kanisa likitaka kusema kwa ukweli juu ya ushawishi wake mwema, ni lazima lianze kwa kukiri kwamba Mkristo anapokaa kimya mbele ya dhuluma iliyomfungulia njia, ukimya wake nao hufundisha.

Kipindi kinachoipa hoja yangu nguvu kubwa ni kile ambacho vitabu hukipita haraka, yaani miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, isipokuwa wachache wenye asili ya Baltiki. Hakukuwa na mchungaji hata mmoja wa Kichagga. Wa kwanza walibarikiwa miaka ya 1930. Waliobaki ni walimu wa shule za misioni, vijana wa vijijini waliojua kusoma, kuimbisha na kufundisha katekisimu. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache na eneo ni kubwa. Wajerumani walianza kurudi kuanzia 1925. Kwa miaka hiyo mwalimu ndiye aliyekuwa uso wa kanisa, bila mamlaka ya sakramenti, bila uhakika wa mshahara, na bila Mzungu wa kumkingia kifua.

Tujiulize jirani alimwonaje mwalimu huyo. Kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kilipakana na cha mtu asiyebatizwa, na wote wawili walinywesha migomba yao kwa mfongo mmoja, yaani mfereji wa maji. Mfongo una zamu, na zamu ina kishawishi: usiku mtu anaweza kupandisha juu akageuzie maji kwake. Mwalimu aliyehubiri Jumapili alijulikana Jumatatu kwa jinsi alivyongoja zamu yake. Alionekana kwenye msaragambo wa kuzibua mfongo, kwenye matanga, na kwenye kikao cha ukoo pale aliyekosewa alipoletewa jani la isale aombwe msamaha. Hakuna mahali pa kujificha katika nchi ambako nyumba zimesongamana namna ile na kila mtu anamjua babu wa mwenzake. Sharika hazikufa katika miaka hiyo. Sioni namna ya kulieleza hilo bila kutaja mwenendo wa walimu na wa wake zao, ambao kumbukumbu rasmi hazikuwaandika kwa majina ipasavyo.

Bruno Gutmann, mmisionari aliyekaa Old Moshi kwa vipindi viwili kati ya 1910 na 1938, aliliona hili kuliko wenzake wengi. Alifundisha kwamba Mungu huwashika watu kwa njia ya vifungo walivyokwisha kuwa navyo: ukoo, ujirani na rika. Aliugawa usharika kwa mitaa yenye wazee wake, na vijana wa kipaimara akawaunga wawiliwawili ili kila mmoja amchunge mwenzake. Gutmann anastahili kukosolewa. Alipenda utamaduni uliotulia kuliko Wachagga wenyewe walivyoupenda. Wakati yeye anaandika juu ya ukoo, wao walikuwa wanapanda kahawa, wakaanzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925, kilichofuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Sauti za wanawake katika maandishi yake ni chache mno. Hata hivyo alielewa kwamba mtu mmoja mwema peke yake huchoka, na kwamba wema hudumu ukipewa watu wa kuubeba pamoja. Mtaa wa Kilutheri na jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki ya leo vinasimama juu ya ufahamu huo.

Ufahamu huo ndio ninaouona katika kazi ya miti. Askofu Fredrick Shoo, aliyeshika uongozi wa Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 2014, alikwisha kujulikana kwa kuhimiza upandaji miti, na vijana wa kipaimara wakahusishwa: kupanda na kutunza miti kukawa sehemu ya maandalizi yao. Wapo wanaoona jambo hili kuwa dogo mno kwa makala ya teolojia. Nadhani hawajashuka bondeni. Mpunga wa Chekereni, chini ya mji wa Moshi, hutegemea maji ya mito Rau na Njoro. Wengi wanaoulima si washarika wa kanisa la huko juu, na miongoni mwao wamo Waislamu. Kijana anayepanda miti na kutunza chanzo cha maji mlimani anamtumikia mtu ambaye huenda hatamwona maisha yake yote, na ambaye hatamlipa wala hatajiunga na dhehebu lake. Kwa kipimo chochote cha Injili, hiyo ni huduma isiyo na chambo ndani yake. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya taasisi iliyochukua jina la Msamaria Mwema, ina wito huohuo, na huupoteza au kuutimiza kila siku mezani pa kupokelea wagonjwa.

Liko hata hivyo eneo moja ambapo ushuhuda wa Wakristo wa Kilimanjaro ni dhaifu kuliko mahubiri yao, nalo ni kihamba cha mjane. Kwa mila, kihamba hupita kwa wana wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini kikao cha ukoo hukaa kabla ya sheria kufika, na wanaokaa humo ni haohao wazee wa kanisa, wanakwaya na wafadhili wa ujenzi. Desemba watu hurudi kutoka Dar es Salaam na Arusha, makanisa hujaa, na baada ya ibada mnada wa sadaka huwa mkubwa: mikungu ya ndizi, kuku, mayai. Wiki hiyohiyo vikao vya ukoo huitishwa. Mjane asiye na mtoto wa kiume huja kusikia ataendelea kukaa wapi, huku marehemu mumewe amezikwa katika kihamba hichohicho.

Utetezi wa kawaida ni kwamba mambo ya ukoo si ya kanisa. Siukubali. Mafundisho ya Gutmann, pamoja na dosari zake, yaliuleta ukoo ndani ya usharika kwa makusudi, na kwa zaidi ya miaka mia moja usharika umevuna faida ya mpango huo: nguvu kazi, michango, utii wa vijana. Hauwezi kuupokea ukoo Jumapili ya mavuno na kuukana siku ya kugawa shamba. Mzee wa kanisa anayesema kikaoni kwamba shemeji yake abaki na kihamba, nduguze wakamnunia, na yeye mwenyewe akapoteza kipande alichokuwa akikitarajia, anafanya kazi ya walimu wale wa mwaka 1920. Vijana waliosimama nje ya nyumba wanasikiliza. Binti wa marehemu naye anasikiliza, na kwa maneno yatakayotamkwa pale ndipo atakapoamua kama kanisa la baba zake wadogo ni lake pia.