Mnyama wa Mwaka na Mnyama wa Jina

Mama wa Kisiwa Panza anayehitaji hospitali hupanda chombo, akavuka hadi Pemba, kisha akashika njia ya Mkoani. Huko, katika Hospitali ya Abdalla Mzee, hukuta madaktari wa Kichina wakihudumu pamoja na wa kwetu, kwani madaktari wa jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964. Mtoto azaliwaye hapo huzaliwa mikononi mwa watu wa pwani mbili, na kila pwani ina desturi yake ya kale ya kumpa mtoto mnyama. Nazilinganisha desturi hizo kwa sababu moja: ya Wachina imo katika tarehe, yetu imo katika herufi. Na jambo la herufi ni jambo letu, wapenzi wa lugha.

Kwa Wachina mnyama ni wa mwaka. Wako kumi na wawili, kuanzia Panya hadi Nguruwe, nao hupokezana mwaka baada ya mwaka. Pamoja nao huenda asili tano, yaani mti, moto, udongo, madini na maji, kila moja ikishika miaka miwili mfululizo. Kwa hiyo mnyama na asili yake hawarudi pamoja ila baada ya miaka 60. Tena mwaka huo hauanzi Januari mosi. Hufuata mwezi, ukaingia baina ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Ndiyo maana aliyezaliwa siku ya Mapinduzi, 12 Januari 1964, ni Sungura wa maji, na aliyezaliwa siku ya Muungano, 26 Aprili mwaka huohuo, ni Joka la mti.

Pwani yetu nayo iliipa miaka majina, ila si ya wanyama. Mwaka wa Nairuzi, ambao hadi leo hukogwa Makunduchi kila Julai, una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Mwaka huitwa kwa siku ya juma ulioingilia. Kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja, mwaka wa Ijumaa hufuatwa na mwaka wa Jumamosi, hata saba zitimie na mzunguko uanze upya. Kwa miongo hiyo mabaharia na wakulima walihesabu pepo na mvua. Mnyama wa mtu alitafutwa kwingine, katika jina lake.

Wanafalaki wetu walizipokea kutoka kwa Waarabu nyota kumi na mbili: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Wakazigawa kwa tabia nne: moto, udongo, upepo na maji. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika hesabu ya abjadi. Thamani za jina la mtu hujumlishwa na za jina la mama yake, jumla ikagawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho nyota yake.

Tumtazame Ali wa Fatma. Ali ni aini 70, lamu 30 na yee 10: jumla 110. Fatma ni fee 80, alifu 1, twee 9, mimu 40 na hee 5: jumla 135. Zote ni 245. Ukigawanya kwa 12, hubaki 5. Nyota ya tano ni Asadi, yaani Simba, na tabia yake ni moto. Sasa mwandishi aiache ile alifu, kwa kuwa ulimi wetu hauivuti. Hubaki 4, nayo ni Saratani: Kaa, mwenye tabia ya maji. Mtu ni yuleyule na mama ni yuleyule. Kalamu tu ndiyo iliyomtoa motoni ikamtia majini.

Tafsiri nayo imefanya yake. Hamal kwa Kiarabu ni mwanakondoo, lakini magazeti yetu huiita nyota hiyo Punda. Naona sababu iko karibu: kwetu hamali ni mchukuzi wa mizigo, na mchukuzi mashuhuri wa visiwani ni punda. Wachina wenyewe wana neno *yang*, ambalo kondoo na mbuzi wote wamo ndani yake, na wafasiri hawajakubaliana.

Haya yangekuwa mchezo, lau hesabu hii isingetumiwa kupima wachumba. Moto na maji, huambiwa wazee, havikai nyumba moja, na posa huvunjika. Masheikh wengi huikataza kwa hoja za dini. Mimi naongeza hoja ya lugha: kabla ya kuivunja posa kwa nyota, ulizeni kwanza jina la mama limeandikwaje, na nani aliyeliandika.