Jina la Baba, Jina la Shamba: Kuwatafuta Mababu wa Kiskandinavia

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Je, yule ambaye hakuiacha asili bali ilimpotea kwa sababu jina lilibadilika, ataitafutaje? Swali hili huwasumbua Wamarekani wengi wenye asili ya Norwe na Uswidi. Tangu mwaka 1825, merikebu ndogo iitwayo Restauration ilipong'oa nanga Stavanger kwenda New York, hadi miaka ya 1920, Wanorwe wapatao 800,000 na Waswidi zaidi ya milioni 1 walihamia Amerika. Wajukuu wao wanapoanza kuwatafuta, wengi hukwama kwenye jina. Makala haya yanadai kwamba tatizo hilo ni la lugha kabla ya kuwa la historia.

Mkulima wa Uswidi wa karne ya 19, kwa kawaida, hakuwa na jina la ukoo. Aliitwa jina lake, kisha jina la baba likiongezewa kiambishi -son, yaani 'mwana wa', au -dotter, yaani 'binti wa'. Lars Andersson ni kama kusema Lars bin Anders; dada yake ni Anna Andersdotter, Anna binti Anders. Watoto wa Lars hawakuitwa Andersson, bali Larsson na Larsdotter. Nchini Norwe walitumia -sen na -datter, kisha likafuata jina la shamba. Jina hilo lilionyesha makazi, si damu. Mtu alipohamia shamba jingine, jina nalo lilibadilika. Hivyo watu wawili waitwao Haugen huenda wasiwe ndugu kabisa, na ndugu wa tumbo moja huenda wakaandikwa kwa majina tofauti. Ni sheria ya mwaka 1923 iliyoitaka kila familia ya Norwe iwe na jina moja la kudumu.

Tuchukue mfano wa Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake bila kutua mwaka 1927. Ukimtafuta babu yake kwa jina hilo katika vitabu vya ubatizo vya Skåne, hutamwona. Babu huyo alizaliwa Ola Månsson, yaani Ola mwana wa Måns, akawa mkulima na mbunge. Mwaka 1859, akiandamwa na tuhuma za fedha, alihamia Minnesota pamoja na mwanamke kijana na mtoto wao mchanga, akimwacha Uswidi mkewe wa ndoa na watoto. Huko akajulikana kama August Lindbergh. Anayelifuata jina jipya tu huwapoteza ndugu wote waliobaki ng'ambo.

Wengi husimulia kwamba makarani wa Ellis Island ndio waliobadili majina ya wahamiaji. Sivyo. Makarani hao walifuata orodha zilizoandaliwa na kampuni za meli. Mara nyingi ni wahamiaji wenyewe waliochagua jina ambalo jirani Mmarekani angeweza kulitamka.

Basi mtafiti aanzie nyumbani: barua, Biblia ya familia, na vitabu vya usharika wa Kilutheri huko Marekani, ambavyo mara nyingi hutaja parokia alikotoka mhamiaji. Akishaipata parokia, mlango umefunguka. Nchini Uswidi, wachungaji walizuru kaya kupima usomaji na katekisimu, wakaandika majina, tarehe za kuzaliwa na waliohama. Aidha, akumbuke kwamba å, ä na ö huja baada ya z. Anayemtafuta Åberg penye A atafunga kitabu bure.

Kwa wanawake jambo ni zito zaidi. Kwao waliendelea kuitwa binti wa fulani hata baada ya kuolewa. Amerika wakachukua jina la mume, na jina la baba likazama.

Sisi walimu wa lugha tuna la kujifunza hapa. Tunapofundisha viambishi, tusiviache ubaoni. Kiambishi kimoja kinaweza kumrudisha mtu kwao, au kumpeleka kwenye kaburi la babu asiye wake.