Nzige wa Rukwa walivyozifungua pochi za mataifa

Barabara ya kutoka Ntendo kwenda Muze inaanzia kwenye baridi ya nyanda za juu za Ufipa na kuishia kwenye joto la Bonde la Rukwa. Huko chini kuna ziwa lenye magadi, kina kifupi, na lisilo na mto hata mmoja unaoyatoa maji yake. Mvua zikikosekana kwa miaka kadhaa, ziwa hurudi nyuma na kuacha mbuga tupu. Zikizidi, humeza mashamba na makazi. Kwenye mbuga hizo linazaliwa balaa ambalo liliwahi kuzitia hofu serikali zilizo mbali sana na Sumbawanga: nzige mwekundu.

Imepita zaidi ya miaka 75 tangu Februari 1949, uliposainiwa jijini London mkataba ulioanzisha shirika la kimataifa la kumdhibiti mdudu huyo. Shirika hilo lilikuwa na kazi mbili kwa pamoja, utafiti na mapambano, na fedha zake zilitoka kwenye bajeti za serikali mbalimbali. Leo Tanzania na jirani zake wakitafuta namna ya kuunganisha fedha za umma za utafiti, si lazima watazame Ulaya. Upo mfano wa zamani, na umekaa mlangoni mwa Wafipa.

Kilichozisukuma serikali hizo kilikuwa njaa. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1944 nzige wekundu walienea karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Ikweta. Wakulima walipiga madebe, wakawasha moto, wakachimba mitaro ya kuwafukia tunutu, yaani nzige wachanga wasioruka, na maofisa wa kilimo wakamwaga pumba zilizotiwa sumu. Shamba lililonusurika asubuhi liliweza kuliwa jioni. Kila koloni lilipambana kivyake, na kila koloni lilishindwa, kwa kuwa kundi lililofukuzwa huku lilitua kule.

Wataalamu walikwishaanza kukutana. Mikutano ya kimataifa ya nzige ilifanyika Roma mwaka 1931, Paris 1932, London 1934, Cairo 1936 na Brussels 1938. Nyuma yake alikuwepo Boris Uvarov, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi London, ambaye mwaka 1921 alieleza kwamba nzige mpweke na nzige wa makundi wanaweza kuwa mdudu yuleyule mwenye sura mbili. Wakiwa wachache, kila mmoja huishi kivyake. Wakibanana, hubadilika rangi na tabia, wakaanza kusafiri pamoja.

Ugunduzi huo ulibadilisha hesabu yote. Kama kundi hutokana na nzige wapweke waliobanana, basi yapo maeneo maalumu ya kubanania. Kwa nzige mwekundu maeneo hayo yalionekana kuwa machache tu: mbuga za Mweru wa Ntipa katika Zambia ya leo, Bonde la Rukwa, nyika za Iku na Katavi, bonde la Malagarasi na mengine ya kuhesabika kusini zaidi. Anayelinda mbuga hizo analinda mashamba ya nusu bara.

Ndiyo maana Uingereza, Ubelgiji iliyoitawala Kongo, Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini zilikubali kuchangia. Makao makuu yaliwekwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia kwa anayetoka Sumbawanga kupitia Matai na Kasesya. Mlipakodi wa Pretoria akawa anamlipa mtafiti wa kutembea kwenye matope ya Rukwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa serikali zilizokuwa na mengi ya kutofautiana zilikubali kuwa hakivunji nzige pia.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Nzige mwekundu huzaa mara moja kwa mwaka. Msimu mzima wa kiangazi nzige aliyekomaa hukaa bila kutaga, akisubiri mvua. Zikianza, jike hutafuta kipande cha udongo wazi chenye unyevu, huzamisha mkia wake ardhini na kuacha mayai ndani ya kifuko cha povu linalokauka. Baada ya mwezi hivi, tunutu hutoka na kuingia kwenye majani. Mpelelezi alilazimika kupita nyasini kwa gari akihesabu nzige wanaoruka mbele yake, eneo kwa eneo, mwaka baada ya mwaka, hata miaka ambayo hakukuwa na cha kutisha.

Katika kundi la watafiti hao aliyeacha alama kubwa zaidi ni Desmond Vesey-FitzGerald. Aliajiriwa kwa ajili ya nzige, lakini alielewa kuwa hawezi kumjua nzige bila kuyajua majani. Akaanza kuichora mbuga ya Rukwa: wapi maji husimama, wapi chumvi hupanda juu, majani gani huota baada ya mafuriko na yapi baada ya moto. Akiwa humo akaona jambo ambalo hakutumwa kulitafuta. Tembo na nyati walitangulia kwenye majani marefu, wakayala na kuyakanyaga. Machipukizi mafupi yaliyofuata ndiyo yaliyomvuta nyamera na wanyama wengine ambao wasingeweza kulisha kwenye majani magumu. Mnyama mmoja alikuwa anamwandalia mwenzake meza.

Mwaka 1960 aliuchapisha uchunguzi huo katika jarida la kitaalamu la mamalia la Marekani. Wazo la wanyama kulishana kwa zamu likawa maarufu, na watafiti wa Serengeti wakaliendeleza kwa pundamilia, nyumbu na swala. Habari hiyo husimuliwa Serengeti mara nyingi bila Rukwa kutajwa, na hilo linauma, kwa kuwa jambo hilo lilisomwa kwanza kwenye mbuga iliyo chini ya Ufipa, kwa fedha za kupambana na nzige. Vesey-FitzGerald baadaye alifanya kazi na Hifadhi za Taifa za Tanzania, na mwaka 1973 akatoa kitabu kuhusu mbuga za Afrika Mashariki.

Wakati huo ushirika wa wachangiaji ulikwisha kupasuka. Ubelgiji iliondoka Kongo mwaka 1960. Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, Zambia 1964, na mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao. Dar es Salaam na Lusaka, zilizokuwa zikiwahifadhi wapigania uhuru, zisingeweza kuendelea kukaa meza moja na serikali za ubaguzi wa rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la zamani lilipisha jipya la nchi huru za Afrika ya Kati na Kusini, ambalo makao yake yako Ndola. Likaongezewa kazi ya kudhibiti viwavijeshi na ndege kwelea kwelea.

Tangu hapo habari zimekuwa za vipande vipande. Ada za wanachama hucheleweshwa, baadhi ya nchi zimejitoa, na malimbikizo ya madeni yamekuwa ajenda ya kudumu katika vikao vya mawaziri. Kikubwa kilichosikika ni cha mwaka 2009, nzige walipojaa Iku-Katavi, Rukwa na Malagarasi. Shirika la Ndola na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) walinyunyizia takriban hekta 10,000 nchini Tanzania dawa itokanayo na kuvu anayeua nzige bila kudhuru samaki wala ndege. Mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa ulitoa karibu dola milioni 2. FAO ilisema mavuno ya watu wapatao milioni 15 yangeweza kuwa hatarini.

Kuvu huyo naye ni zao la fedha za mataifa kadhaa. Alitoka Niger, akaendelezwa na mpango wa utafiti ulioanza mwaka 1989, uliolipiwa na Kanada, Uholanzi, Uswisi, Uingereza na Marekani, huku kazi ikifanyika Benin, Niger na Uingereza.

Katika orodha hiyo ya walipaji hakuna nchi ya Afrika, na hapo ndipo viongozi wetu wanapaswa kujitazama. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH) ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, na taasisi kama hiyo zipo Nairobi, Kampala na Lusaka. Kazi ya kuifanya pamoja ipo. Mbuga alizozichora Vesey-FitzGerald sasa zimejaa ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, na nyati na tembo wamepungua. Je, kwato za ng'ombe zinampunguzia nzige majani ya kujificha, au zinamwongezea udongo wazi wa kutagia? Swali hilo linamhusu mkulima wa mahindi wa Laela sawasawa na wa Mbala, na vijana wa Rukwa waliosomea kilimo wanaweza kulifanyia kazi iwapo Tanzania na Zambia zitaweka fungu moja na kulilipa kwa wakati.